Hesabu madumu, usihesabu mafuta

JIRANI yangu hapa Kibenga, kusini mwa Bujumbura, ni mama mfanyabiashara. Mwaka jana alimwandikia wakala wa ng'ambo ya mpaka: "Send 20 oils." Alitaka madumu 20 ya lita 20. Zikaja chupa 20 za lita moja. Nauli ilikwisha kulipwa, wateja wanasubiri.

Akaja kwangu na simu mkononi. "Mwalimu, nimekosea wapi?"

Nikamwambia, mama, zimekuponza lugha zetu wenyewe. Kwa Kirundi, maneno amazi, amavuta na amata yana umbo la wingi. Kwa Kiswahili, maji, mafuta na maziwa huanza na ma- kama mayai na machungwa. Kifaransa nacho husema "des informations", "des bagages".

Kiingereza hukataa. "Water", "oil", "rice", "sugar", "money", "luggage", "information" na "advice" ni nomino zisizohesabika. Haziongezwi s, hazitanguliwi na "two", na swali lake ni "how much", si "how many". Mchele hauhesabiki, lakini maharage, yaani "beans", huhesabika. Na "news", pamoja na s yake, ni umoja: "the news is good".

Wakala naye hakuwa mjinga. Hotelini mteja akisema "two waters", mhudumu huleta chupa mbili. Kwa "oils" wakala alielewa vivyo hivyo.

Hata mimi niliyesoma ukimbizini Kigoma, siku ya kurejea niliandika "three luggages". Karani akauliza: mabegi au magunia?

Ndugu msomaji, dawa unayo tayari. Sokoni hakuna asemaye "nipe michele miwili". Tunasema kilo mbili za mchele. Fanya hivyo kwa Kiingereza: "two kilos of rice", "three pieces of luggage". Ile s hukaa kwenye chombo au kipimo, haikai kwenye bidhaa.

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na sheria ya mwaka 2014 ikakifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi nchini. Kiswahili hutupatanisha bei, lakini karatasi nyingi za upande wa Tanzania ni za Kiingereza.

Safari iliyofuata jirani yangu aliandika: "Twenty jerrycans of oil, 20 litres each." Yakaja madumu 20, yamejaa.