Kipunji na Hoja za Wanazuoni

Mwanzoni mwa mwaka 2003, wawindaji wa Kinyakyusa wa mlima Rungwe waliwaeleza watafiti waliokuwa wakikagua misitu ya huko kwamba mle ndani yumo kima mwenye haya nyingi aitwaye kipunji. Na watafiti wale, kwa kuwa katika masimulizi ya wazee wa pande zile wanyama wa kweli na wanyama wa ngano hutajwa pamoja, hawakuwa na dalili ya kuyasadiki maneno hayo wala ya kuyakanusha. Basi Tim Davenport na wenzake, miongoni mwao Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga, wakaingia katika misitu ya Rungwe na Livingstone wakavizia, na haukupita mwaka huo ila wamemwona kwa yakini: kima wa rangi ya hudhurungi, mwenye manyoya marefu na ushungi uliosimama kichwani. Mwaka uliofuata, umbali wa takriban kilomita 350, katika msitu wa Ndundulu ulio upande wa Iringa wa milima ya Udzungwa, Trevor Jones naye akamwona kima yuyo huyo, pasipo kuwa na habari ya wenzake wa Rungwe, upande wa Mbeya.

Wanaoyajua maisha ya wanazuoni wataelewa ni mtihani gani uliowafika watu wa makundi hayo mawili walipopata habari za wenzao, kwani katika kazi hiyo heshima humwendea aliyetangulia kuchapisha, na anayekuja baada yake kwa siku chache huweza kusahauliwa kabisa. Lakini wao walishirikiana, wakaandika makala moja, ikatoka katika jarida la Science la Marekani mwezi Mei 2005 ikiwa na majina ya makundi yote mawili. Nalitaja jambo hili kwa sababu insafu ya namna hiyo ni adimu, na yastahili kusimuliwa kwa kila kijana anayeanza utafiti.

Lakini makala ile ilizua mabishano. Kanuni za kimataifa za kuwapa wanyama majina zadai kila jina jipya lishikamane na mnyama mmoja maalumu awe kielelezo chake, ili wa baadaye wakiingiwa na shaka wapate pa kurejea. Na desturi ya tangu zamani ni kwamba mnyama huyo huuawa, ngozi na mifupa yake ikawekwa katika jumba la makumbusho. Waandishi wa makala ile hawakuwa na ngozi wala mfupa. Walikuwa na picha ya dume mzima wa Ndundulu, na kumbukumbu za mlio wake, mlio mzito wenye kishindo usiofanana na ule wa kima wa jamii ya mangabi waliodhaniwa kuwa ndugu zake. Na kwa kuwa wanyama wenyewe walikuwa haba, waliona si halali kumuua hata mmoja kwa ajili ya jina. Wanazuoni wengine wakapinga hadharani, wakisema kwamba picha haina meno ya kupimwa wala damu ya kuchunguzwa. Wakajibiwa kwamba kielelezo ni mnyama mwenyewe aliye hai msituni, na picha ni ya kumtambulisha tu.

Mwaka huo huo wa 2005 kipunji mmoja kijana alikufa katika mtego wa mkulima, kwenye shamba la mahindi karibu na Rungwe, na mwili wake ukapelekwa katika makumbusho ya Field Museum, Chicago. Damu na mifupa ikanena yale ambayo picha haikuweza kuyanena: kima huyu hakuwa wa jamii ile ya mangabi aliyotiwa mwanzoni, bali yu karibu zaidi na nyani. Ikabidi apewe jamii yake peke yake, Rungwecebus, mwaka 2006, nayo ilikuwa jamii mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu mwaka 1923. Davenport, Mpunga na Machaga, waliokuwamo katika kutoa jina la kwanza, walikuwamo pia katika kulitengua. Kwa upande wa maarifa, basi, waliopinga walikuwa na hoja ya haki. Kwa upande wa mnyama, waliokataa kumuua walifanya lililo sawa, kwani hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilikadiria kipunji wote duniani kuwa 1,117 tu.

Jambo linalonihuzunisha ni mahali mjadala ule ulipofanyika. Aliyewatangulia wote kumjua kipunji ni mwindaji. Aliyetoa mwili wa kuchunguzwa, bila ya kukusudia, ni mkulima. Na hoja zote zikaenda kwa Kiingereza katika kurasa ambazo hawa wawili hawazioni. Wala si mara ya kwanza wenyeji kuachwa nyuma hivyo. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson walipochunguza maisha ya Wanyakyusa katika miaka ya 1930, kazi yao iliegemea sana juu ya karani na mkalimani wao, Leonard Mwaisumo, ambaye wasomaji wa vitabu vyao kwa miaka mingi hawakuijua thamani yake.

Leo Iringa ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa na vingine kadhaa, na Mbeya ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Wahadhiri wapo, na lugha ya kuzungumza na jirani wanayo. Uchunguzi wa nasaba umekwisha kuonyesha kwamba kipunji wa Rungwe wamechanganya damu na nyani zamani, ilhali wa Ndundulu hawaonyeshi alama ile ile, na suala la jinsi makundi haya yalivyotengana lastahili kujadiliwa kwa Kiswahili, Tukuyu upande wa Rungwe na Kilolo upande wa Ndundulu, mbele ya watu wanaolima ukingoni mwa msitu. Hao ndio wajuao kima huyo huingia mashambani mwezi gani, na ni mashamba yapi yaliyobana njia zake katika ukanda wa Bujingijila, unaounganisha msitu wa Rungwe na ule wa Livingstone.