Tashwishi ya Mwaka wa Kwanza

Majuma machache kabla ya vyuo vikuu kufunguliwa nilikuwa Sibwesa, katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, nyumbani kwa rafiki yangu wa siku nyingi ambaye binti yake alikuwa amekwisha kudahiliwa kusomea ualimu, na binti huyo, baada ya kuniamkia na kunitengea kiti chini ya mwembe, aliniuliza swali ambalo katika miaka yangu ya kuwashauri wanafunzi nimelisikia mara nyingi, nalo aghalabu huulizwa kwa sauti ya chini kana kwamba ni ungamo: "Baba mdogo, chuo nimepata, lakini moyo wangu haujatulia mahali pamoja. Nikifika huko nijiandikishe masomo gani?"

Nilimwambia asione haya. Utaratibu wetu humtaka kijana aamue mapema mno: kidato cha nne, aghalabu akiwa hajatimiza miaka kumi na minane, huchagua tahasusi, yaani mchepuo wa masomo ya kidato cha tano na sita, na tahasusi hizo tangu mwaka 2024 zimefika 65, kisha tahasusi hiyo humfungulia baadhi ya shahada na kumfungia nyingine, kisha chuo humpokea katika programu yenye jina lake mahususi, ilhali katika vyuo vingi vya Marekani mwanafunzi huruhusiwa kusoma mwaka mzima, hata miwili, kabla ya kutangaza somo lake kuu. Ajabu gani basi ikiwa karatasi imeamua na nafsi bado?

Hata hivyo, ndani ya programu imebaki nafasi ambayo wengi huipita bila kuitazama. Shahada ya miaka mitatu nchini Tanzania huhesabiwa krediti 360, yaani 120 kwa mwaka, na kila krediti hukadiriwa kuwa saa kumi za kazi, mihadhara na kujisomea vikiwa pamoja. Katika kozi zinazobeba krediti hizo, baadhi ni za lazima, kama stadi za mawasiliano na taaluma za maendeleo, ambazo hakuna haja ya kuzisumbukia kwa kuwa zitakuja zenyewe. Lakini zipo za hiari, na mwanafunzi wa ualimu, fauka ya hizo, ana masomo mawili ya kufundishia, na hapo ndipo penye ikhtiari yake ya kweli.

Mwenye tashwishi na azitazame kozi hizo kwa jicho moja tu: ipi hupanda ngazi, na ipi husimama peke yake? Hisabati, takwimu, uchumi, na lugha ya kigeni kama Kifaransa hupanda ngazi. Aliyeruka daraja la kwanza katika mwaka wa kwanza huukuta mlango wa mwaka wa pili umefungwa, na kurudi nyuma humgharimu mwaka mzima ambao mzazi anayelima mahindi na pamba hana namna ya kuulipia. Kozi nyingi za historia ya nchi fulani au zama fulani husubiri, nazo huweza kusomwa hata mwaka wa tatu bila hasara. Basi asiyejua aendako na aanze na zile zisizosubiri. Ninalisema hili kwa yakini, kwa sababu nimewaona wengi waliokimbia takwimu mwaka wa kwanza wakija kuitafuta kwa machozi walipofika kwenye utafiti.

Wala kubadili nia si aibu: hata Mwalimu Julius Nyerere, aliyepata mafunzo ya ualimu Makerere na kufundisha Tabora, alikwenda Edinburgh mwaka 1949 huku mpango wa awali ukiwa asome sayansi, akaomba aingizwe upande wa sanaa; akasoma fasihi ya Kiingereza, uchumi, anthropolojia, historia, sheria ya katiba na falsafa ya maadili, akahitimu mwaka 1952 kwa shahada pana isiyomfunga katika fani moja, na baadaye alieleza kwamba fikra zake za siasa zilikomaa huko.

Hadhari moja sharti niitaje. Kubadili kozi ya hiari katika majuma ya mwanzo ni jambo jepesi, lakini kuhama programu ni jambo jingine, lina muda wake maalumu na laweza kugusa mkopo, kwa hiyo aliyekopeshwa na aulize Bodi ya Mikopo kwanza, ndipo atie sahihi.

Binti akauliza kama takwimu zingemfaa mtu atakayerudi huku huku. Nikamkumbusha milima ya Ntakata, katika wilaya yake hiyo hiyo, ambako vijiji hulipwa fedha kwa kuhifadhi misitu katika biashara ya hewa ukaa: kazi inayotaka mtu ajue kupima miti, kusoma mkataba, kuandika hesabu, na kuwaeleza wazee katika mkutano wa kijiji, wala sikumbuki tahasusi iliyokuwa na jina la kazi hiyo nilipokuwa mwanafunzi. Alinyamaza kitambo, akaingia ndani, akatoka na daftari, akaandika jiografia na hisabati katika ukurasa mmoja, kisha akaniomba nimwandikie pembeni ni kozi zipi za hesabu zinazotangulia nyingine. Tuliandika mpaka jua likatua, na baba yake akaleta taa.