Kamionete inatokota: tafuta ugonjwa, usifungue kifuniko

Ndugu wafanyakazi, na ninyi wamama munaosoma ukurasa huu nyumbani, leo hatutasema juu ya kofia ya kazi wala viatu. Tutasema juu ya kamionete. Wengi kati yetu wako nayo, ya kwao ao ya shemeji, na kila siku ya posho inabeba unga na makala. Mutu anayevaa miwani ya usalama kiwandani bila kukumbushwa, akifika nyumbani anafungua radiatere ya moto kwa kitambaa cha kupangusia mikono. Vile ndivyo tulivyopata habari tunayowaeleza hapa.

Jirani yangu mumoja, mufanyakazi wa kiwanda cha kusaga mawe, alikuwa na kamionete ya dizeli, ya zamani lakini yenye nguvu. Katika mwezi wa kumi wa mwaka 2022, wakati jua ni kali na mvua haijaanza vizuri, alitoka Lubumbashi kurudi Likasi na bibi yake. Nyuma walibeba mifuko 20 ya unga. Njia hiyo inapita kilometa 100, na kuko pahali pa kupanda. Kwenye mupando mushale wa joto ukaingia katika nyekundu. Akasimama kando ya barabara, akainua kapo, mvuke ukatoka. Bibi yake akamuambia: «Baba, tungoje kwanza ipoe.» Yeye akajibu: «Usiku unaingia.» Akakunja kitambaa mara mbili, akazungusha kifuniko cha radiatere.

Maji yalimuunguza mukono wa kuume, shingo na shavu. Macho yalipona sababu aligeuza kichwa. Alikaa wiki tatu bila kufika kazini.

Wengi wanafikiri kwamba aliunguzwa na maji ya moto tu, kama yale ya chungu. Hapana. Hapa Katanga tunakaa juu, karibu metre 1.200 kule Lubumbashi, na kwa sababu hiyo maji ya chungu yanatokota kwa digri 96 hivi, hayafiki 100. Lakini kifuniko cha radiatere kina kamba ya chuma ya kusukuma ndani yake, yenye kufungia maji kwa nguvu. Chini ya nguvu hiyo maji yanaweza kupita digri 110 na bado ni maji, yametulia kabisa. Ukifungua kifuniko, nguvu inaondoka mara moja, na sehemu ya maji yale inageuka mvuke pale pale. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke yote inaomba mafasi ya lita zaidi ya 1.600. Basi mvuke unasukuma maji yaliyobaki nje kama bunduki, na kitambaa hakiwezi kitu. Tena mutu amesimama juu yake, ameinamisha uso ili aone ndani.

Kwa hiyo: motere ikipata moto, ondoka barabarani, ongoza watu washuke upande wa majani, weka jiwe nyuma ya gurudumu na alama ya hatari mbali nyuma ya gari. Zima motere, ungoje. Si dakika tano. Ngoja nusu saa ao zaidi, mupaka uweze kushika tiyo kubwa ya juu kwa mukono mutupu bila kuuondoa. Ukiikamua na inarudisha kwa nguvu, bado. Hata kisha kupoa, zungusha kifuniko kidogo tu kwanza, uso mbali. Tena usimwange maji ya baridi ndani ya motere yenye moto mwingi: kulasi inaweza kupasuka, na kulasi mupya ni bei kubwa kuliko mifuko yote 20 ile.

Kama mutu ameungua, mutie chini ya maji safi ya baridi yanayopita, dakika 20 kamili. Ondoa pete, saa na nguo, ila nguo iliyoshikamana na ngozi uiache. Usipakae dawa ya meno, mafuta, wala yai. Najua mama wakwe wengi hawatapenda neno hili. Usipasue malengelenge. Funika na kitambaa safi, peleka mugonjwa kwenye dispanseri. Uso, macho, mikono na mutoto mudogo, hata kidonda ni kidogo, ni kwa munganga.

Sasa turudi kwa kamionete, sababu yeye hakupona. Kabla ya hatari ile jirani alikuwa amekwisha kulipa mara tatu katika garaji moja. Walibadilisha pompo ya maji. Walibadilisha termostati. Kisha, motere ilipotokota tena, walitoa termostati ile mupya na kuitupa, wakisema kwamba hapa kwetu kuna joto, haina kazi. Neno hilo linasikiwa kila pahali na si la kweli. Bila termostati motere inabaki baridi asubuhi za mwezi wa sita, inakula mazuti mengi na kuchoka upesi. Na kuko motere ambazo termostati yao inafunga pia njia ya mukato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya motere bila kupita katika radiatere, na moto unazidi. Ukiona mashaka, ifunge na uzi ndani ya chungu cha maji juu ya mbabula. Inapaswa kuanza kufunguka karibu na hesabu iliyoandikwa juu yake, tuseme 82. Kazi ya robo saa, makala kidogo.

Jirani alipotoka kwa munganga tulimuita muzee mumoja, mekanisie aliyekwisha kupata pensheni. Hakushika ufunguo. Aliuliza tu: «Inapata moto wakati gani?» Hakuna mutu wa garaji aliyekuwa ameuliza vile.

Tulifikiri. Katika mji, kwenda polepole na kusimama-simama, mushale haukusogea. Kwenye njia sawa bila muzigo, vilevile. Kupanda na muzigo, ndiyo, na ukishuka upande mwingine mushale unarudi. Muzee akatikisa kichwa. Gari ikipata moto inaposimama, alisema, angalia ventilatere na mukaba wake, sababu wakati ule hakuna upepo mwingine. Lakini ikipata moto inapofanya kazi nzito, upepo uko wa kutosha. Ni maji yasiyopita vizuri, ao radiatere isiyoweza kutoa joto lote.

Kwanza alitaka kujua kama joenti ya kulasi ni nzima, sababu kama imekufa mengine yote ni bure. Asubuhi, motere baridi kabisa, tulijaza maji mupaka juu, tukaacha kifuniko wazi, tukawasha. Mapovu yanayotoka bila kuisha, ao maji yanayoruka, yanaonyesha kwamba moshi wa motere unaingia katika maji. Sisi tuliona mapovu machache tu, kisha basi. Akatoa fimbo ya mafuta: mafuta yalikuwa meusi ya kawaida, si rangi ya kahawa na maziwa. Joenti ilikuwa nzima.

Kisha tukaipasha moto kidogo, tukazima, na ventilatere iliposimama muzee akapitisha mugongo wa mukono mbele ya radiatere, polepole, kutoka juu kwenda chini. (Ventilatere ya umeme inaweza kujiwasha hata motere imezimwa. Ikiwa gari lako ni la namna hiyo, toa kwanza waya ya batri.) Juu kulikuwa moto. Katikati na chini, upande wa kushoto, baridi. Maji hayakupita pale.

Radiatere ile ilikuwa ya shaba nyekundu na nyeupe, ya kizamani. Fundi akayeyusha bati, akatoa kichwa cha juu, na tukaona sababu. Karibu tiyo moja katika kila tatu ilikuwa imezibwa na kitu cheupe, kigumu, sawasawa na kile kinachoshika ndani ya birika ya chai jikoni. Maji mengi ya kwetu yanatoka katika mawe ya chokaa, na jirani kwa miezi mingi alikuwa anaongeza maji ya robine kila asubuhi. Maji yanapungua, chokaa inabaki. Dawa yake ilikuwa inajenga ugonjwa. Fundi akapitisha chuma chembamba katika tiyo moja moja, akasafisha pia nje mavumbi mekundu na mbegu za majani, akafunga.

Tukapakia mifuko, tukapanda. Ilipata moto tena! Si upesi kama zamani, lakini ilipata. Jirani alitaka kuuza gari siku ile.

Muzee akamuambia mutoto wake akanyage mafuta, gari imesimama, motere ina moto wa kazi. Yeye akainama, akaangalia tiyo ya chini akiwa mbali na ventilatere. Motere polepole, tiyo nzuri, mviringo. Motere kwa nguvu, tiyo ikajikunja, ikawa bapa kama mufuko mutupu. Pompo inanyonya maji kupitia tiyo ile. Ndani yake kunapaswa kuwa na waya yenye kuzunguka ili isijikunje. Tulipoitoa, waya ilikuwa kutu tu, iliyomwagika mikononi. Garajini waliitazama mara tatu, lakini motere imezimwa, na tiyo ya namna hiyo ikilala inaonekana nzima.

Tiyo mupya, termostati mupya, kifuniko chenye hesabu ile ile ya zamani, na likidi ya radiatere iliyochanganywa na maji safi ya mvua. Juu ya likidi, wamama mutusikie: nyingi ni sumu yenye ladha ya sukari, inaharibu mafigo, na kidogo tu inaweza kuua mutoto. Isiwekwe hata siku moja ndani ya chupa ya Fanta. Ile ya zamani iliyotolewa isiachwe katika sahani chini ya gari mbele ya watoto na imbwa.

Tangu wakati ule kamionete imepanda njia ya Likasi mara nyingi, na mushale unabaki katikati. Jirani bado ana alama nyeupe chini ya sikio. Nyuma ya kiti ameweka bidoni ya maji, alama ya hatari na mawe mawili, na kwenye kapo, karibu na kifuniko, bibi yake ameandika kwa rangi nyekundu: TUNGOJE KWANZA.