Fahamu: Kwa nini ditekta hushindwa kufikia sarafu za kale Unguja

Ditekta ya metali hurusha uga wa sumaku ardhini kupitia koili. Uga ukikutana na metali, umeme mdogo huzuka ndani yake na kurudisha ishara, nawe unasikia mlio. Ishara hiyo hufifia upesi kadiri kina kinavyoongezeka: sarafu moja ya kawaida hunaswa hadi sentimita 20 au 30 hivi. Koili kubwa hufika chini zaidi, ila huviruka vitu vidogo.

Unguja kuna tabu nyingine. Mchanga uliolowa maji ya bahari hupitisha umeme, mashine ikalia ovyo. Mji Mkongwe nako, misumari na vizibo vya soda hulia kabla hujaifikia pesa ya shaba ya Sultan Barghash ya 1882, ile yenye picha ya mizani.

Lakini kina si hoja kubwa kuliko zote; kubwa zaidi ni sarafu kubaki pamoja mahali zilipozikwa. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, wanaakiolojia walifukua sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo na nyembamba, zenye majina ya watawala wa pwani yetu. Pamoja nazo zilikuwemo chache za dhahabu za mtindo wa dola ya Kifatimi ya Misri, na hizo ndizo zilizosaidia kukadiria umri wa hazina yote: karne ya 11. Laiti mtu angezichomoa za dhahabu akaziuza, ushahidi huo ungepotea.

Ukiokota sarafu ya kale, usiisugue wala usiendelee kuchimba. Weka alama mahali hapo, kisha ijulishe Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale.