Presha ya maji Uvira: kipunguza presha kinamfaa nani?

Uvira imekaa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Maji yakiteremka kutoka tangi la juu, kila metro 10 za mteremko zinaongeza karibu bar 1 ya presha. Ndiyo maana nyumba ya chini inaweza kupata presha kali kuliko ya juu, zaidi usiku, robine nyingi zikiwa zimefungwa.

Tiyo ikipasuka, hasara si maji tu. Maji yakikatika, uchafu unaweza kuingia kupitia ufa huo, na watu wa Uvira wanaijua kolera.

Kabla ya kununua, mwambie fundi apime presha usiku kwa manometa. Nyumba ya kawaida inatosheka na bar 3 hivi. Ukikuta ni zaidi sana, chagua kipunguza presha kinacholingana na upana wa tiyo, chenye skurubu ya kurekebisha. Kinafungwa baada ya konteri, mshale wake ukifuata njia ya maji, na kichujio kikitangulia, kwani mchanga unakiharibu haraka.

Lakini kama kwako maji yanadondoka tu, acha pesa yako mfukoni: chombo hiki hakiongezi presha. Tengeneza kwanza tiyo zinazovuja.