Mpiga kinanda na sanaa ya kubuni papo hapo (Sehemu ya pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi kinanda cha mabomba kinavyopata pumzi yake. Leo tumwangalie anayekipiga.

Msomaji wa Kasongo au Kabambare, huku mashariki mwa Kongo, atauliza, hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Kila Jumapili parokiani kuna kijana anayefanya kazi hiyohiyo kwenye kinanda kidogo cha umeme. Chukua maandamano ya matoleo katika Misa ya taratibu ya Zaire, iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988. Beti za wimbo zimekwisha, na akina mama wenye mihogo na mchele bado wako mlangoni, wanacheza hatua mbili mbele, moja nyuma. Kinanda hakiwezi kunyamaza. Kijana anashika kipande cha mwisho cha wimbo, anakishusha kwenye besi, anakipandisha ufunguo mwingine, anakirefusha. Padri akipokea kikapu cha mwisho, sharti awe amerudi alikoanzia. Huko ndiko kubuni papo hapo. Wanaosema ni kipaji tu wanakosea.

Ulaya jambo hili lina shule yake. Mwanafunzi huanza na piano, kisha hufundisha miguu yake kupiga pedali bila kuzitazama, halafu hukaa miaka kwenye upatanifu wa sauti: tenor ikipanda, besi iende wapi. Mfaransa Marcel Dupré alipiga kwa kichwa kazi zote za Bach za kinanda cha mabomba, jijini Paris, katika maonyesho kumi ya mwaka 1920. Mwaka uliofuata, huko Philadelphia, Marekani, alipewa nyimbo za Kigregori akabuni simfonia nzima palepale; baadaye akaiandika. Mambo hayo mawili hayatengani. Asiye na akiba kichwani atabuni nini? Kuanzia 1934 hadi kifo chake mwaka 1971 Dupré alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la Saint-Sulpice, huku akifundisha na kusafiri kwa maonyesho. Ndivyo kazi hii inavyolisha mtu: kanisa, darasa na jukwaa kwa pamoja.

Kwetu yupo Joseph Kiwele (1912–1961), mzaliwa wa Mpala, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kusini-mashariki mwa Kabambare. Mpala ilikuwa misheni ya Mapadri Weupe, shirika lilelile lililofungua misheni ya Kasongo. Kiwele alitunga misa, akatunga pia wimbo wa taifa wa Katanga, jimbo lililojitenga na Kongo mwaka 1960, na akawa waziri wake wa elimu. Siasa hiyo tuwaachie wanahistoria. Muziki wake umebaki.

Parokia zetu huchangisha fedha za kinanda, spika na betri. Za mwalimu hazichangishwi. Ninawaomba viongozi wa parokia na wanakwaya: kabla ya kununua kinanda kipya, mpelekeni kijana mmoja akasome solfa na upatanifu wa sauti, na akirudi mlipeni.