Kuku Walale Bandani, Mtoto Alale Salama

Katika kaya nyingi za vijijini, na hata pembezoni mwa miji, kuku wa kienyeji ndio akiba iliyo karibu zaidi na mkono wa mama. Yai humlisha mtoto. Jogoo huuzwa ili kulipia dawa au madaftari ya shule. Kwa kuwa kuku ni mali, hulindwa, na mahali panapoonekana kuwa na usalama kuliko pote usiku ni ndani ya nyumba: jikoni, ukumbini, au chini ya kitanda wanacholalia watoto. Desturi hiyo humkinga kuku dhidi ya mwizi na kicheche, lakini humweka mtoto mdogo katika hatari nyingine isiyoonekana kwa macho.

Kinyesi cha kuku na utumbo wa mtoto

Kuku mwenye afya njema anaweza kubeba ndani ya matumbo yake bakteria aina ya kampilobakta na salmonela bila kuonyesha dalili yoyote. Bakteria hao hutoka pamoja na kinyesi. Kuku anapolala ndani, kinyesi hubaki sakafuni hadi asubuhi, na sakafu ya udongo haisafishiki kikamilifu kwa kufagia. Mtoto anayetambaa hushika sakafu, kisha hutia vidole mdomoni. Wengine huokota na kula udongo au kinyesi chenyewe.

Matokeo yanayojulikana zaidi ni kuhara, mara nyingine kwa damu. Aidha, wataalamu wanaeleza kwamba mtoto anayemeza vimelea kidogo kidogo kila siku anaweza kupata uvimbe wa kudumu katika ukuta wa utumbo, hata asipohara. Utumbo wa namna hiyo haufyonzi virutubisho ipasavyo. Mtoto hula, lakini urefu wake hauongezeki inavyotakiwa.

Utafiti mmoja uliofanyika vijijini Ethiopia na kuchapishwa mwaka 2016 ulitoa picha ya kuzingatiwa. Kwa jumla, watoto wa kaya zinazofuga kuku walikuwa na urefu mzuri zaidi kwa umri wao. Lakini pale kuku walipolazwa ndani ya nyumba ya kuishi, uhusiano ulikuwa kinyume: kulala nao kuliambatana na urefu mdogo zaidi. Utafiti wa aina hiyo huonyesha uhusiano tu, hauthibitishi chanzo. Hata hivyo unaafikiana na yale yanayojulikana kuhusu vimelea. Ushauri unaofaa, basi, ni kufuga kuku na kuwalaza nje ya nyumba, wala si kuacha kuwafuga.

Banda nalo lina masharti

Kujenga banda peke yake hakutoshi. Katika jaribio lililofanyika pembezoni mwa jiji la Lima, nchini Peru, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2006, watoto wa kaya zilizowafungia kuku uani walipata kuhara kwa kampilobakta zaidi ya wale ambao kuku wao walizurura. Kinyesi kinapokusanyika mahali pamoja karibu na watu, na watoto wakaweza kuingia, hatari haipungui. Kwa hiyo banda liwe mbali na jiko, kisima na mahali pa kuchezea watoto, nalo lisiwe uwanja wa michezo.

Banda jema huinuliwa juu ya nguzo, na sakafu yake huwa ya fito zilizoachana kidogo ili kinyesi kidondoke chini. Sehemu ya chini izungushiwe uzio ili watoto wasiifikie. Mita moja ya mraba hutosha kuku watano hadi wanane. Wawekewe vichanja vya kulalia, kwa kuwa kuku hupenda kulala juu. Matundu ya hewa yaachwe karibu na paa na kuzibwa kwa wavu wenye matundu madogo, maana kicheche, nguchiro na nyoka hupita penye nafasi finyu. Mlango uwe na komeo na kufuli. Familia inayoogopa wizi haitawatoa kuku ndani kama banda halina kufuli.

Wakati wa kufunga

Kuku haoni vizuri gizani, ndiyo maana hurudi mwenyewe mwanga unapofifia. Mlango uwe wazi kabla ya jua kuzama, kisha mtu mzima mmoja aliyepewa kazi hiyo awahesabu na kufunga giza linapoingia. Anayekosekana atafutwe mapema. Kuku waliozoea kulala ndani wafungiwe bandani siku chache mfululizo, wapewe chakula na maji humo, mpaka walitambue kuwa ndilo makazi yao.

Kinyesi kiondolewe mara kwa mara kwa koleo lisilotumika kwa kazi nyingine, kirundikwe mbali na maji hadi kiwe mboji, na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kazi. Kuku wachanjwe dhidi ya mdondo kwa ratiba ya afisa mifugo. Wanapokufa wengi ghafla, wasichinjwe wala kuliwa. Afisa mifugo aarifiwe.

Wajibu wa mtoa huduma

Katika kliniki ya mtoto, swali moja fupi linafaa kuongezwa: «Kuku wenu hulala wapi?» Liulizwe kwa heshima, kwa kuwa mama aliyewalaza kuku ndani alikuwa akilinda riziki ya watoto wake. Akisema hana banda, azungumziwe hatua anayoiweza leo: kuwatenga kuku na chumba cha watoto, kuondoa kinyesi kabla mtoto hajashuka kitandani, na kumweka mtoto juu ya mkeka safi unaofuliwa.

Mtoto anayehara apewe maji ya ORS na zinki, aendelee kunyonya na kula. Apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa akiwa na damu katika choo, macho yaliyobonyea, homa, kutapika kila kitu, au akishindwa kunyonya.